Sifuri ya Dereva

Mimi shule niliingizwa na kuku. Wanangu hawapendi niseme hivyo mbele za watu, wanaona nawaaibisha, lakini ndivyo ilivyokuwa, na siwezi kumbadilisha kuku awe kitu kingine. Mama yangu alikuwa na kuku mmoja mwekundu, mkaidi kupita kiasi, aliyekataa katakata kutaga nyumbani. Alivuka njia, akapita chini ya senyenge, akaingia darasa la kwanza na kutaga ndani ya kabati la mwalimu, juu ya madaftari ya watoto. Kabati lenyewe lilikuwa limepoteza mlango mmoja. Kila asubuhi mama akanituma: nenda kachukue yai letu.

Mwalimu alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi. Siku ya kwanza akanipa yai. Siku ya pili akanipa yai. Siku ya tatu akaniambia, "Wewe, kwa vile unakuja kila siku, si ukae tu?"

Nikakaa. Irabu zote tano nilijifunza nimeshika yai mkononi, maana kaptula yangu haikuwa na mfuko. Nikawa napanda madarasa, kuku akabaki na kabati lake, na baada ya kengele napita kuchukua yai kama mtu anayepita dukani. Nikafika la tatu. Halafu nguchiro akamla yule kuku, na mama akasema, sasa huko shuleni unafuata nini? Nikaenda kuchunga mbuzi wa watu.

Nayasema haya ili msomaji ajue anasoma mwandiko wa nani. Kuandika nimejifunza mwenyewe, kwa mabango ya barabarani na magazeti ya kufungia samaki. Tangu siku ya nguchiro sikuwahi kuingia darasani kama mtu aliyealikwa, mpaka nilipokuwa na mvi kichwa kizima, mjini Jeddah. Hapo niliulizwa swali moja tu, nikapata sifuri. Na hiyo sifuri, nisikilize vizuri, siirudishi. Aje mwalimu wa wapi, aje na kalamu ya rangi gani, hanifutii.

Kabla ya Jeddah nilikaa Riyadh miaka mingi, dereva wa mzee mmoja aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wa kibali changu cha kazi. Mzee alipenda kuzungushwa. Hakuwa na mahali pa kwenda. Alisema tu "yalla", na mimi nazunguka, yeye anasimulia habari za ngamia wake waliokufa. Kiarabu changu chote kimetoka kiti cha nyuma cha gari lile, ndiyo maana mpaka leo nikizungumza Kiarabu watu hucheka: naongea kama babu wa jangwani anayelilia ngamia. Ijumaa nilikuwa nashuka Batha kama Wakenya wengine, kununua soksi na kusikia nani amesafiri. Hapo mtu akikwama na mwenye duka alikuwa ananivuta mkono: mzee, hebu niambie huyu anasema nini. Nikawa namwambia. Nilipenda, sitadanganya. Mtu wa darasa la tatu, anatafsiri! Nilitembea nimebinua kifua.

Mzee alipofariki, mwanawe, kafili wangu mpya, akaniazima kwa shule moja ya Jeddah, kama mtu anavyoazima ngazi. Shule ya watoto wa wageni, masomo ya Kimarekani, wavulana na wasichana pamoja. Nikapewa basi dogo la njano la njia ya Aziziya, na chumba cha watu wanne nikakipata Ruwais, ambapo bado naishi na ndipo ninapoandika haya.

Ndani ya basi tulikuwa watu wazima wawili. Mimi, na mama mmoja wa Kitui, mpana, mcheshi, goti lake moja bovu. Zamani alifanya kazi ndani ya nyumba ya watu hapo hapo Aziziya, alikuwa haoni jua wiki nzima. Kazi ya basi aliipenda kwa sababu ina madirisha. Kazi yake ilikuwa kuwapokea watoto mlangoni, kuwafunga mikanda, kuwafuta pua, kuwatenganisha wakipigana. Watoto walimwita khala, mama mdogo, na mimi waliniita amu, baba mdogo. Yeye mwenyewe aliniita mzee, nami nikamwita mama, ingawa nampita umri.

Halafu kulikuwa na msimamizi wa mabasi. Simtukani. Alikuwa mtu wa nidhamu, viatu safi, salamu hasahau. Lakini alikuwa na haya zake: mwanamke asiye wa nyumbani kwake hamsemeshi. Hata mama awe amesimama hatua mbili kutoka kwake, ataniambia mimi.

"Mwambie afunge mlango taratibu."

Namgeukia mama. "Anasema ufunge mlango taratibu."

"Mwambie mlango wake hauna mafuta."

Namgeukia msimamizi. "Anasema sawa."

Ndivyo tulivyoishi, na tulikuwa tunacheka. Mpaka alipokuja na stuli.

Ilikuwa stuli ya plastiki, ya bluu, ile ya kukalia mtu akifua. Akaifunga kwa kamba kwenye mlingoti wa mlangoni, akasema kuna mzazi amelalamika: viti vya basi ni vya watoto, haifai mfanyakazi kuvikalia. Basi lilikuwa na viti kumi na tisa, na watoto wetu walikuwa kumi na watatu. Nilimwambia hivyo, kwa upole. Akasema, "Kursi mafi. Mwambie."

Nikamwambia. "Mama, anasema hakuna kiti, ukae hapo."

Mama akaitazama ile stuli, akavitazama viti, akanitazama mimi. Akakaa.

Juu ya kioo cha mbele palikuwa na kamera ndogo, na msimamizi aliiangalia kwenye simu yake. Goti la mama lilipomzidi, alikuwa anajisogeza kiti cha kwanza, nyuma yangu, na kabla hatujafika taa za pili simu yangu inalia. "Mwambie ainuke." Nami namwambia. Nilikuwa namwambia bila kugeuza kichwa, macho barabarani, kama mtu anayetangaza kituo: "Mama, inuka." Anainuka. Kila kiplefti stuli inateleza, mama anashikilia mlingoti kwa mikono miwili, watoto wanafikiri ni mchezo. Siku moja alijigonga goti kwenye ngazi, akanyamaza safari nzima, na yeye si mtu wa kunyamaza. Nilimnunulia dawa ya kuchua. Nikajiona nimefanya jambo.

Miezi minane.

Sasa nifike kwenye haraka. Watoto wa darasa la tano walikuwa wanajiandaa kwa mtihani, na mwalimu wao aliwapa vikaratasi vya maswali waulizane njiani. Kulikuwa na msichana wa Kisudani mwenye miwani, mkali kama karani, na mvulana wa Kimisri asiyejua kitu ila hakosi kelele. Asubuhi moja tuko barabara kubwa, nyuma nasikia Mmisri anapiga mayowe kwa Kiarabu, "Haraka! Haraka!" na Msudani anajibu, "Haraka ya nini? Sema yote!" na yeye, "Haraka! Haraka ya hukuki!"

Huwezi kunilaumu. Mswahili akiambiwa haraka mara nne na mtoto anayepiga mayowe, anafikiri mtoto anataka kutapika, au tumechelewa, au yote mawili. Nikakanyaga mafuta. Basi likalia kama ng'ombe, stuli ikarudi nyuma na mama juu yake, na kamera ya barabarani ikatupiga picha, pwaa, mwanga mweupe usoni.

"Mzee!" mama akapiga kelele. "Unatupeleka wapi?"

"Si wamesema haraka!"

Watoto walicheka mpaka mmoja akapata kwikwi. Yule Msudani ndiye aliyenionea huruma. Akaja mpaka nyuma ya kiti changu, akanieleza polepole kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kwamba haraka kwa Kiarabu si mbio. Ni kusogea. Kitu kilichokuwa kimetulia kikisogea, hiyo ni haraka. Na watu wengi wakisogea pamoja kutaka jambo moja, hiyo pia ni haraka. Na hukuki ni haki. Walikuwa wanasoma habari za watu weusi wa Marekani, walivyosogea pamoja mpaka wakapata haki zao.

Nikasema, kumbe ni harakati! Neno nalijua, nimelisikia redioni tangu utoto, harakati za hiki, harakati za kile. Sikuwahi kuliunganisha na haraka, wala na mtu kusogea. Usinicheke; na wewe unayasema maneno mia kwa siku hujui yametoka tumbo la nani. Lakini nikamwambia yule msichana, na leo naliandika: tafsiri yangu haikuwa mbaya. Haki haraka. Kama kuna haki ya kuja polepole, basi na wanaoisubiri wapewe viti.

Hayo yalinitoka mdomoni na mama amekaa kwenye stuli, mita moja kutoka kwangu. Sikuona kitu. Nilijipongeza kwa usemi mzuri.

Watoto wakamsimulia mwalimu wao. Huyu alikuwa Mfilipino, mfupi, mwepesi, anatembea kama anayekwepa maji. Alhamisi ile, kabla ya saa ya kurudi, akaja mpaka kwenye maegesho, akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba leo wana mchezo wa maswali darasani kurudia somo, na watoto wote wameomba amu wa haraka awepo. Nikasema mimi si mtu wa madarasa. Akasema, "Nahitaji dereva, bwana. Kwenye mchezo kuna basi."

Kama kuna basi, basi.

Meza zote zilikuwa zimesukumwa ukutani. Viti vimepangwa viwili viwili katikati, njia katikati yake, na kiti kimoja mbele peke yake kikiwa na sahani ya karatasi ya usukani. Watoto wamegawanywa timu mbili, moja inaitwa Simba na nyingine, nilisoma ubaoni mwenyewe, inaitwa Piza. Mwalimu ameshika kengele mkono mmoja na mfuniko wa sufuria mkono wa pili. Jibu la kweli, kengele. Jibu la uongo, mfuniko unapigwa na mwiko, gwaa! Ukutani juu ya ubao wamebandika picha ya mwanamke mweusi mwenye miwani amekaa dirishani ndani ya basi, mkoba mapajani, ametulia kabisa. Picha kama hiyo, kubwa zaidi, ilikuwa pia kwenye korido ya ofisi ya mkuu wa shule. Niliwahi kuipita mara nyingi. Nilifikiri ni mama wa mtu.

Nikakalishwa kiti cha pembeni kusubiri zamu yangu, na maswali yakaanza.

"Huyu mwanamke alikuwa anafanya kazi gani?"

"Rubani!" akasema Mmisri. Gwaa.

"Fundi wa kushona," akasema Msudani. Kengele.

"Kwa nini alikamatwa?"

"Alikataa kumpisha mzungu kiti." Kengele.

"Watu weusi wa mji ule walifanya nini baada ya hapo?"

"Walivunja basi!" Gwaa. "Hawakupanda tena mabasi! Walitembea kwa miguu, au wakapeana lifti, zaidi ya mwaka mzima!" Kengele, kengele, timu ya Piza inaruka juu ya viti.

Zaidi ya mwaka! Hilo sikulijua. Nikanyoosha mkono, sijui nani aliniambia ninyooshe mkono, miaka karibu sitini mkono ulikuwa bado unakumbuka. Mwalimu akafurahi. "Ndiyo, bwana dereva?"

"Mabasi yalikwenda matupu?"

"Karibu matupu."

"Na dereva? Yule aliyemwambia mama ainuke. Alikuwa anafikiria nini, kuendesha viti vitupu mwaka mzima?"

Akacheka kidogo. Akasema dereva jina lake linajulikana, lakini halimo kwenye mtihani. Watoto wakaendelea. Wakasema habari za wanafunzi waliokwenda kukaa kwenye mkahawa wa wazungu, wakaagiza kahawa, hawakuletewa, hawakuondoka. Wakamwagiwa vitu kichwani, hawakuondoka. Wakasema watu wale walikuwa wakifanya mazoezi, wanakaa chumbani, mwenzao anawatukana na kuwavuta nywele makusudi, ili siku yenyewe wasije wakainuka kwa hasira. Mazoezi ya kukaa! Mimi nilifikiri kukaa mtu anazaliwa nako. Lakini akili yangu nusu ilikuwa imebaki kwa yule dereva. Mimi ni dereva, nimfikirie nani?

Ikafika zamu ya basi. Msudani akakaa kiti cha tatu dirishani, akavua miwani akaipangusa akaivaa tena. Mimi nikapewa usukani wa karatasi. Pointi kumi, akasema mwalimu, kwa timu ya dereva, wakisema sawasawa alichosema dereva siku ile. Timu yangu ilikuwa Piza, na Piza walikuwa nyuma kwa pointi tano. Akaninong'oneza: umgeukie msichana, umwambie ainuke. Ni hivyo tu.

Nikashika usukani. Nikakohoa.

Mmisri ndiye aliyelisema. Hakuwa na ubaya hata chembe. Alikuwa anataka pointi zake. Akawatuliza wenzake kwa sauti kubwa, "Msiwe na wasiwasi! Amu anaijua hiyo. Kila siku si anamwambia khala, inuka?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alinitazama, kisha akaitazama kengele aliyoshika kana kwamba ameiokota. Miezi minane nilikuwa najiambia mimi natafsiri. Neno si langu, mimi nalipitisha tu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kama bomba. Na mtoto wa miaka kumi, asiyejua hata kama dunia ni duara, ananiambia mimi sikuja kuigiza. Mimi ndiye yule dereva.

Nikageuka. Msudani alikuwa amekaa mgongo wima, anasubiri neno lake ili alikatae, maana zamu yake ilikuwa kukataa. Mdomo ukafunguka. Na nilichosema, nilikisema kwa Kiswahili, kisha nikakisema kwa Kiarabu cha ngamia ili wote wasikie:

"Kaa, mama. Kaa hapo hapo. Twende."

Nikawasha gari la karatasi. Nikatia gia.

Kisha timu ya Simba ikalipuka: "Si sahihi! Misi, si sahihi! Dereva hakusema hivyo!" Piza wananishika mikono, "Amu, sema inuka! Sema, tutashindwa!" Msudani mwenyewe amechanganyikiwa, mikono hewani, "Lakini ukiniambia nikae, mimi nitakataa nini?" Na Mmisri karibu alie.

Mwalimu akauinua mfuniko. Nilimwona anasita. Lakini mchezo ni mchezo, na alikuwa mwalimu wa kweli. Gwaa.

"Sifuri," akasema. Halafu taratibu, "Samahani, bwana."

"Usiombe msamaha," nikamwambia. "Iandike."

Akaiandika ubaoni, chini ya neno Piza, duara kubwa jeupe.

Tukatoka kwenda kwenye basi. Mama alikuwa tayari mlangoni anapokea mabegi. Watoto wote wakakaa, mikanda ikafungwa, naye akaivuta stuli yake kwa mguu.

"Mama," nikasema, "kaa kwenye kiti."

"Mzee, umekula nini huko darasani?"

"Sifuri."

"Basi imekuharibu tumbo. Endesha gari."

"Nakwambia kaa kwenye kiti. Akipiga simu sipokei. Nilikuwa nakuinua miezi minane, nimekosa, nisamehe."

Hakucheka tena. Alisogea mpaka ubavuni kwangu, akainama, akasema kwa sauti ya chini watoto wasisikie.

"Miezi minane, mzee. Yeye sikuwahi kumchukia, maana yeye sikuwahi kumsikia. Niliyemsikia ni wewe. 'Mama, inuka.' Kwa Kiswahili cha kwetu, kizuri. Unajua nilivyokuwa naichukia hiyo sauti yako? Usiku naiota." Akavuta pumzi. "Na leo umefundishwa na watoto, unataka unikalishe. Uliniinua wewe, sasa unikalishe wewe? Mimi nina watoto wanne na ikama ya kuishi hapa inayoisha mwezi wa Ramadhani. Ukifukuzwa, wewe mzee utakwenda kulala. Mimi je?"

Nikashika usukani.

"Endesha," akasema. "Nikitaka kukaa nitakaa."

Nikaendesha. Alisimama ameshika mlingoti, hakukaa kwenye stuli wala kwenye kiti. Tukapita kiplefti cha kwanza. Cha pili. Kwenye taa ndefu karibu na maduka ya vitambaa nikasikia kiti cha nyuma yangu kinalia, spring zake zinashuka.

"Ni goti," akasema. "Usije ukaandika mahali."

Nimeandika, mama. Nisamehe na hilo.

Simu ikalia. Ikalia mpaka ikachoka, ikaanza upya. Msudani akasema, "Amu, simu." Nikamwambia, "Amu anaendesha." Wakati wa kumshusha mtoto wa mwisho ilikuwa imelia mara kumi na moja, na mama alikuwa bado amekaa, anaangalia nje ya dirisha, mkoba mapajani.

Ijumaa na Jumamosi, siku za mapumziko huku, zikapita. Jumapili alfajiri, maegesho ya shule, watoto hatujakwenda kuwachukua. Mama alipanda basi kabla yangu. Nilipofika alikuwa ameshakaa kwenye kiti kile kile, mkanda ameufunga. Sikumwambia afanye hivyo. Na chini, mbele ya mlango wa basi, msimamizi amesimama na viatu vyake safi, ubavuni kwake dereva mwingine, Mpakistani, mtu mzima mwenye ndevu za hina, ambaye huwa anashikilia zamu za wagonjwa.

"Salamu alekum," akasema msimamizi.

"Alekum salamu."

"Mwambie ainuke."

"Mwambie wewe. Huyo hapo."

Alitazama chini. "Hiyo ni kazi yako."

"Mkataba wangu umeandikwa dereva. Nimesomewa, na mstari huo nimeusoma mwenyewe. Kuinua watu hakumo."

"Haji," akaniita, ingawa anajua mimi ni Mkristo, huniita hivyo akitaka kunilainisha. "Neno moja. Liseme, chukua basi lako, njia yako, nisahau simu za Alhamisi. Usiliseme, huyu anachukua ufunguo, na mimi nampigia kafili wako Riyadh. Neno moja tu."

Neno moja tu. Hapo ndipo nilipoliona jambo zima, na nilishangaa lilikuwa dogo kiasi gani. Mtu yule alihitaji mdomo. Amri yake ilikuwa na nguvu zote, ilikuwa na kamera, ilikuwa na mzazi aliyelalamika, ila njia ya kufika kwenye sikio la mama ilikuwa moja, nayo ilipita kwenye meno yangu. Yeye mwanamke hamsemeshi. Mpakistani anajua Kiurdu na Kiarabu cha kuombea maji. Mama ana Kikamba, Kiswahili na Kiingereza.

Msimamizi naye nadhani aliliona saa ile ile, maana alimgeukia Mpakistani, akamwonyesha mama kwa kidevu. "Mwambie wewe basi. Kursi mafi."

Mpakistani akaangalia mawinguni. Yeye naye ana haya zake.

Na mama kutoka ndani, kwa sauti tamu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akapunga mkono dirishani. "Kiarabu mafi, baba!" akasema. "Mafi kabisa!"

Muongo. Kiarabu anakisikia vizuri kuliko anavyokubali. Kwa yule madam wake wa zamani alitukanwa nacho miaka mitatu.

Najua utasema, msimamizi angeweza kwenda ofisini akamshtaki. Angeweza. Lakini ofisini barua huandikwa sababu, na sababu ingekuwa: mwanamke mweusi amekaa kwenye kiti cha basi, amekataa kuinuka. Angeipeleka kwa mkono wake mpaka kwa mkuu wa shule, kupitia korido ile, chini ya picha ile. Sijawahi kukutana na mtu mwenye uso wa kupeleka barua ya namna hiyo.

Kwa hiyo kilichokuwa kinamtisha mama kwenye kile kiti kilikuwa kimebaki kimoja. Mimi. Nikiwepo, nitaambiwa kesho, na keshokutwa, na siku goti langu mwenyewe litakapouma na kafili atakapopiga simu, nani ajuaye, huenda ningelisema. Sijiamini kiasi hicho. Najijua; miezi minane nimejiona.

Nikapanda ngazi mbili mpaka kwa mama. "Mama, mimi naondoka."

"Unaniacha na hawa?"

"Nakuacha na watu wasioweza kukwambia kitu."

Alifikiri. Nilimwona anaihesabu ile hesabu, polepole, mpaka ikafika. Akaufunga mkoba wake, tap. "Haya, nenda basi," akasema. "Nenda kabla sijalia, watoto wasinikute na uso wa ajabu."

Nikashuka. Nikauweka ufunguo kwenye kiganja cha Mpakistani, nikamwonyesha kwa vidole kwamba gia ya pili ni nzito, aisukume na bega. Akatikisa kichwa, ameelewa. Msimamizi akaniita, "Haji!" Kisha akaniita kwa jina langu lenyewe, kwa mara ya kwanza, na alilitamka vizuri. Nilikuwa sijui kama analijua. Sikugeuka. Basi likanguruma nyuma yangu, likanipita langoni, na nikatembea kwa miguu mpaka Ruwais. Pale sijarudi.